Venye ya kuwekea watu wa nyumbani The Green Mile

Kama unataka kuwekea watu wenu The Green Mile, ile ya 1999 ya Tom Hanks na Michael Clarke Duncan, anza na saa. Hii muvi ni dakika 189, masaa matatu na zaidi, na ukiianza baada ya taarifa ya usiku watu watalala kabla hata John Coffey, yule mfungwa wa kuponya watu, hajagusa mgonjwa. Mimi hapa Nakuru naianza Jumapili saa kumi na moja jioni, chakula ishapikwa, tokeni nimeangalia kwa mita, juu stima ikipotea katikati hakuna mtu atarudi kesho na ile roho alikuwa nayo.

Tafuta yenye haijatafsiriwa na DJ. Muvi za DJ nazipenda sana, za mateke zinanoga, lakini hii inataka kimya, kuna mahali Coffey anakaa tu kwa seli machozi yanashuka na hakuna mtu anaongea. Weka maandishi chini ya skrini, hicho Kiingereza cha kusini mwa Marekani ni kigumu.

Kabla ubonyeze, ongea dakika mbili tu. Waambie ni Louisiana mwaka wa 1935, mtu mweusi, huyo Coffey, amepatikana amekumbatia wasichana wawili wazungu wamekufa, na enzi hizo huko mtu mweusi alikuwa ameshahukumiwa kabla afike kortini. Waambie maili ya kijani ni ile sakafu wafungwa wanapitia wakienda kuuawa kwa kiti cha stima. Ishia hapo. Ya uponyaji wacha wajionee.

Sasa kuna hiyo mambo ya sponji. Inafaa iloweshwe maji ya chumvi, iwekwe kichwani chini ya kofia ndio stima ipite haraka, halafu askari mmoja anaitwa Percy anaiacha kavu makusudi. Ni sini ndefu na inatisha vibaya, watoto wasiwe hapo. Mamangu alijifunika macho na leso lakini masikio hakuziba, nikamsikia anaambia TV polepole, "lowesha, lowesha hiyo kitu." Usisimamishe hapo, picha ikiganda ni mbaya zaidi. Kama watu wanataka chai, simamisha mapema, pale panya wa mfungwa mmoja amerudishiwa uhai na Coffey, ni karibu nusu.

Coffey anavuta ugonjwa kwa mdomo halafu anautoa kama wadudu wadogo wengi, kwa hivyo jitayarishe, mmoja atasema ni maombi na mwingine atasema hayo ni majini. Usitoe uamuzi. Mwishoni waambie tu waangalie herufi za kwanza za jina lake, J na C, ni za Yesu Kristo kwa Kiingereza, na Stephen King aliyeandika kitabu alizichagua akijua.

Lazima pia mtu atauliza kama huku kwetu bado wananyonga. Hukumu ya kifo iko kwa sheria lakini hakuna mtu amenyongwa Kenya tangu 1987. Kibaki alibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 mwaka wa 2009 zikawa kifungo cha maisha, Uhuru akabadilisha zingine 2,747 mwaka wa 2016, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikasema jaji asilazimishwe kupeana hukumu ya kifo kwa kesi ya mauaji.

Na kama kwa hiyo nyumba kuna mtu ameonja jela, muulize kando kwanza, si mbele ya watu. Kaka yangu alikaa rumande miezi saba kwa kesi ilikuja kutupwa. Nilimuuliza, akasema ataangalia lakini akae karibu na mlango. Nilidhani atashindwa pale kwa sponji, kumbe ni mwanzoni kabisa, Coffey ameletwa tu, li mtu likubwa hivyo, na anauliza kama taa huachwa usiku juu anaogopa giza. Kaka akatoka nje. Aliporudi akaniambia, "kule ndani taa haizimwi, unaomba izimwe ulale." Akaketi tena, akaangalia mpaka mwisho. Siku hizi nikiweka hii muvi kiti cha karibu na mlango hakikaliwi na mtu mwingine, hata tukiwa wengi aje.