Kompyuta ya bajeti bila kadi ya grafiki? Anza na RAM

Wakuu, nimeona watu wengi wakienda kununua mashine ya bei poa wanauliza prosesa, wanauliza SSD, alafu ikifika kwenye RAM ni "GB ngapi?" wakiambiwa 8 wanatoa hela. Kama mashine ina kadi yake ya grafiki hapo sawa, ila hizi tunazonunua wengi wetu, EliteBook na ThinkPad za mtumba, grafiki imo humo humo ndani ya prosesa na haina memori yake yenyewe, inakula RAM ile ile ya Windows na Chrome. Kwa hiyo uliza GB ngapi, ziko kwenye stiki ngapi (vile vipande vya RAM vinavyochomekwa), na spidi yake.

Stiki zina maana kubwa sana hapa. Stiki moja ya DDR4-3200 (DDR4 ni aina ya RAM, 3200 ni spidi yake) kwa hesabu ya juu kabisa inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, ukiweka mbili kila moja kwenye chaneli yake, yaani njia yake ya data kwenda kwa prosesa, inakuwa GB 51.2. Ukiwa unaandika tu au unaperuzi hutaona tofauti kubwa, ila gemu na kazi za picha zinabadilika kabisa mana grafiki inachota na kurudisha data humo humo muda wote. Hata Intel wenyewe wameliweka hili wazi, zile prosesa zao zenye grafiki ya Iris Xe zikikuta RAM iko chaneli moja Windows inaandika UHD Graphics tu, jina la grafiki zao za chini, yaani chipu ni ile ile lakini jina la Iris Xe hulipati mpaka chaneli ziwe mbili.

Kabla hujalipa omba iwashwe, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance kisha Memory, utaona spidi na pale penye Slots used utajua sloti ngapi zina kitu. Ukikuta 1 of 2 hiyo mi naipenda, unaongeza stiki nyingine baadae. Ikiwa na 8 ongeza 8 nyingine, ila kama hela inatosha ya 4 tu weka 4, kwenye Intel GB 4 za kila upande zitafanya kazi kwa chaneli mbili na zile 4 zilizobaki zinaenda chaneli moja, bado ni bora kuliko stiki moja peke yake.

Angalia modeli pia. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G3 zina sloti mbili za DDR4, safi kabisa. X270 ina sloti moja tu, hiyo chaneli mbili sahau. X280 na X1 Carbon RAM imechomelewa kwenye mazabodi, ulichonunua ndo hicho hicho mpaka mwisho, kwa hiyo ya GB 4 iache hata ikiwa nyembamba na inavutia vipi. Na usichanganye aina, 840 G2 inatumia DDR3L na G3 ni DDR4, kale kapengo ka kwenye stiki hakakai sehemu moja so ikigoma kuingia usilazimishe utavunja sloti.

Kwa wanaounga desktop, soma herufi za mwisho za prosesa kwa makini. Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani, 5600 na 5600X hazina. Intel yenye F kama i5-12400F nayo haina, utachomeka HDMI kwenye mazabodi na skrini itabaki nyeusi. Kama mazabodi ina sloti nne, stiki mbili mara nyingi zinakaa ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, ukizipanga za kwanza mbili zinazofuatana unaweza kujikuta uko chaneli moja na hela ishatoka. Alafu ingia BIOS (ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka) uwashe XMP, ndo inayoipa RAM spidi yake iliyoandikwa, mana stiki iliyoandikwa 3200 inaweza kuwa inakimbia 2133 au 2400 tu na wewe hujui.

Ukiwa humo BIOS, kwa AMD kuna sehemu inaitwa UMA Frame Buffer Size, ndo RAM inayotengwa kabisa kwa ajili ya grafiki. Una GB 16, weka 2G, itasaidia kwa gemu zinazokataa kuwaka zikiona memori ya grafiki ni ndogo. Una 8 tu, iache Auto au 512M, ukikata 2 Windows inabaki na 6 na Chrome itaanza kukutesa. Kwa Intel usihangaike, inajichukulia yenyewe ikihitaji mpaka kama nusu ya RAM yote, na ukifunga gemu inairudisha.