SOMO: Umechoka kupika vilevile? Badilisha njia kabla ya kubadilisha chakula

Swali ni moja kila mara: "Nimechoka kupika vitu vilevile, nipeni mapishi mapya." Mtu anatajiwa mapishi kumi, anajaribu mawili, halafu anarudi na swali lilelile. Naandika yote hapa ili nisirudie tena. Soma mpaka mwisho ndipo uulize.

Kinachochosha mara nyingi si chakula, ni njia. Angalia ulichopika wiki iliyopita. Huenda ni kuku, samaki, maharage na kabichi, lakini vyote vilianza na kitunguu kwenye mafuta, ikafuata nyanya, yakaingia maji, sufuria ikafunikwa. Hiyo ni ladha moja yenye majina manne. Ukichukua mapishi mapya ukayapeleka njia hiyohiyo, umeongeza jina la tano tu.

Hatua ya 1. Andika milo unayoipika kwa kawaida.

Hatua ya 2. Mbele ya kila mlo andika namna ulivyotumia moto: kuchemsha, kukaanga, kuoka, kuchoma au mvuke. Inayojirudia sana ndiyo ya kuiacha kwanza.

Hatua ya 3. Chukua chakula unachokijua vizuri, ukipike kwa njia usiyoizoea. Kabichi ya kuchemsha ikate vipande vinene, ipake mafuta na chumvi, iweke kwenye kikaango cha moto mpaka kingo ziwe za kahawia. Kuku wa mchuzi mpake chumvi na viungo, mwoke mkavu. Karoti za kuokwa huwa tamu kuliko za kuchemshwa kwa sababu maji yamepungua na sukari yake imebaki humo humo. Usibadilishe chakula na njia kwa pamoja mara ya kwanza. Ikiharibika hutajua kosa liko wapi.

Hatua ya 4. Soma mapishi yote kabla ya kuwasha jiko. Maneno "acha usiku kucha" hupenda kukaa katikati ya aya ya tatu.

Hatua ya 5. Jua vipimo vya aliyeandika. Kikombe cha Marekani ni mililita 240 hivi, kwingine ni 250. Kijiko cha chakula ni mililita 15 karibu kila mahali, ila Australia ni 20. Joto lililoandikwa 350 kwa Farenhaiti ni kama nyuzi 175 za Selsiasi. Ukiwa na mizani, tumia gramu, maana kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 au 150 kutegemea umechota vipi.

Hatua ya 6. Rangi ya kahawia. Hapa niliharibu nyama nyingi kabla sijaelewa, na hapa ndipo wengi wenu mnakwama, kwa hiyo someni taratibu. Nyama, uyoga na vingine vingi hupata rangi ile na harufu yake kutokana na mmenyuko wa sukari na protini ambao mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Unashika kasi kuanzia nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Maji huchemka kwenye 100. Kwa hiyo maadamu kuna maji juu ya nyama, uso wake haupandi kufika huko, na nyama itachemka ndani ya mafuta huku wewe ukidhani unakaanga.

Futa nyama kwa karatasi ya jikoni mpaka iwe kavu. Pasha kikaango vizuri ndipo uweke mafuta. Acha nafasi kati ya vipande, kaanga kwa mafungu hata kama una haraka, kwa sababu ukijaza kikaango majimaji yanatoka, joto linashuka na kazi imekwisha. Usigeuze mapema. Kipande kilichopata rangi kinaachia chenyewe, kinachong'ang'ania bado. Sikiliza pia: mlio mkali ni mzuri, mlio wa kutokota ni maji.

ONYO: mafuta yakianza kutoa moshi, punguza moto. Yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Usimwagie maji, kamwe.

Na kile kilichogandia chini usikioshe. Toa nyama, punguza mafuta, mimina maji au supu kidogo, kwangua kwa mwiko. Huo ndio mchuzi wako, na hauna nyanya.

Hatua ya 7. Onja mwishoni. Kikipooza ongeza chumvi. Chumvi ikitosha na bado kimelala, weka matone ya ndimu au siki.

Hatua ya 8. Andika ulichofanya na utakachobadilisha. Jipe jaribio moja kwa wiki, siku usiyo na haraka. Siku nyingine pika ulivyozoea.

—

Jikoni_Leo: Sijasoma yote mkuu, ila naomba mapishi mapya ya kuku, ya haraka.

Mwandishi: Hatua ya 3. Kuku yumo.

Tamuchumvi: Asante sana kwa somo. Naomba kuelewa, kwa nini ndimu iwekwe mwishoni? Mimi huiweka mwanzo pamoja na nyanya.

Mwandishi: Swali zuri, dada. Kwanza, harufu ya ndimu hupotea na mvuke, ukiiweka mwanzo unabaki na uchachu mtupu. Pili, uchachu huzuia maharage na mboga ngumu kulainika, unaweza kupika maharage muda mrefu yakabaki magumu kwa sababu ya nyanya au ndimu iliyoingia mapema. Tatu, mboga za majani zinapoteza kijani chake zikikaa kwenye uchachu motoni. Jaribu hivi: gawa chakula kwenye bakuli mbili, moja tia matone ya ndimu, onja zote. Utajua kiasi chako kwa ulimi, si kwa kijiko.

Tamuchumvi: Nimefanya na dengu leo. Tofauti ni kubwa! Na siki ni hivyohivyo?

Mwandishi: Ndiyo, ila siki ni kali, anza na nusu kijiko cha chai. Mtindi nao unafaa, ila toa sufuria motoni kwanza, ukichemka unakatika.

Baba_Wawili: Keki yangu imetoka na ladha ya sabuni. Mapishi yalisema beking poda, nikaweka beking soda kiasi kilekile. Haya masomo yenu hayafanyi kazi.

Mwandishi: Sijatoa mapishi ya keki hapa. Beking soda ina nguvu karibu mara tatu ya beking poda, na inahitaji kitu kichachu kama mtindi ili ifanye kazi. Ikizidi, inabaki na ladha hiyo uliyoipata. Beking poda tayari ina asidi ndani yake. Mara ya kwanza fuata kilichoandikwa.

Mwiko_Huru: Hapo ndipo sikubaliani nawe. Kupika ni kipaji, vipimo vinaua ubunifu. Mama zetu hawakuwa na mizani.

Mwandishi: Mama zetu walikuwa na miaka mingi ya kupika chakula kilekile, mkono wao ndio uliokuwa mizani. Wewe unapika kitu ambacho mkono wako haujakizoea. Pika mara moja kama kilivyoandikwa, mara ya pili fanya utakavyo. Sijamkataza mtu kubuni.

Mwiko_Huru: Sawa. Mara ya pili nakubali.

Nyota_Njema: Watoto wangu wanakataa kila kitu kipya. Nifanyeje?

Mwandishi: Weka kidogo sana pembeni ya chakula wanachokipenda, usiwalazimishe, na urudie siku nyingine. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa kitu mara 10 au zaidi kabla ya kukikubali. Kukataa mara mbili si jibu la mwisho.

Kikaango_Chuma: Naongezea: wape kazi. Wangu wanachambua majani ya kotmiri, mezani hawakatai walichokichambua.

Mwandishi: Hiyo nimeipenda, asante.

Jikoni_Leo: Kitunguu changu hakiwi kahawia. Mapishi yanasema dakika 10.

Mwandishi: Umesoma safari hii, vizuri. Dakika 10 hazitoshi. Kitunguu kitamu cha kahawia iliyokolea kinataka moto mdogo na dakika 40 au zaidi, ukikoroga mara kwa mara. Kikianza kugandia weka kijiko cha maji. Pika kingi kwa wakati mmoja, kigawe, kiweke friza.

Kikaango_Chuma: Na tangawizi nayo iweke friza nzima. Unaikwangua ikiwa imeganda, haina nyuzi.

Tamuchumvi: Jamani mimi maharage mekundu nayaweka kwenye jungu la umeme la moto mdogo asubuhi, jioni yameiva. Linarahisisha sana kujaribu viungo vipya.

Mwandishi: Ngoja hapo, dada. Maharage mekundu makavu yana sumu ya asili, na majungu hayo hayapati joto la kutosha kuiondoa. Maharage yaliyoiva nusu yanaweza kukutapisha vibaya. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya yanayotokota kweli kwa dakika 30, ndipo uyahamishie kwenye jungu lako. Ya kopo hayana shida, yameshapikwa.

Tamuchumvi: Sikujua! Na viungo niweke lini?

Mwandishi: Bizari nyembamba na giligilani nzima zikaange kavu kwanza mpaka zinukie, zisage, uziweke wakati wa kuhamisha. Majani mabichi yasubiri mpaka unapopakua.