Kuweka seva ya Jellyfin nyumbani kwenye kompyuta mpakato ya zamani, mahali ambapo umeme hukatika

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia katibu wa kwaya huko Uyole, jijini Mbeya, ambaye rekodi za kwaya yake za miaka mingi zilikuwa zimetawanyika kwenye flashi na simu, naye akataka wanakwaya wazitazame kwenye runinga bila kununua kifurushi. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi video na kuzipeleka kwenye vifaa vingine, ikiwa ndani ya nyumba, video husafiri kati ya seva, ruta na runinga tu. Bando halitumiki kabisa, na hata intaneti ikikatika utazamaji unaendelea. Ndiyo maana ninapendekeza Jellyfin, programu huria ya kupanga video na kuzirusha kwenye runinga, iliyochipuka kutoka Emby, programu nyingine ya aina hiyo, mwezi Desemba 2018, ambayo akaunti zake zote hukaa kwenye seva yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Kompyuta

Tumia kompyuta mpakato, si ya mezani, mradi betri yake bado inashikilia chaji japo kidogo. Weka Debian, mfumo endeshi wa Linux, bila eneokazi. Kisha fungua faili la /etc/systemd/logind.conf na uandike HandleLidSwitch=ignore, ili kompyuta isilale unapoifunga, halafu uiwashe upya.

Hatua ya 2: Jellyfin

Isakinishe kwa amri hii:

curl -s https://repo.jellyfin.org/install-debuntu.sh | sudo bash

Usiongeze maktaba yoyote (folda ya video ambayo Jellyfin itaionyesha) kwa sasa.

Hatua ya 3: Diski ya nje

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote kwa pamoja, na ndipo ninapomwomba msomaji asiruke mstari hata mmoja.

Anza na aina ya diski. Diski kubwa za inchi 3.5 huwa na adapta yake inayochomekwa ukutani. Umeme ukikatika, kompyuta inaendelea kwa betri lakini diski inazimika katikati ya kazi, na umeme ukirudi diski inaweza kujitokeza kwa jina jingine: iliyokuwa sdb sasa ni sdc, na mfumo unaendelea kuitafuta mahali isipokuwepo. Chagua diski ya inchi 2.5 inayopata umeme kupitia kebo ya USB, kwa kuwa betri ya kompyuta itaibeba pamoja nayo.

La pili ni mpangilio wa diski, yaani namna mafaili yanavyopangwa ndani yake. Diski nyingi huuzwa zikiwa na NTFS au exFAT. exFAT haina kumbukumbu ya mabadiliko ya kuisaidia kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla, na NTFS iliyozimika vibaya inaweza kukataliwa na Linux mpaka ikarekebishwe. Ninasisitiza ext4, mpangilio wa Linux wenye kumbukumbu hiyo. Hata hivyo, kubadilisha mpangilio hufuta kila kilichomo, hivyo hamisha rekodi kwanza mahali pengine na uhakikishe zinafunguka. Fahamu pia kwamba Windows haitaisoma diski hiyo bila programu ya ziada.

La tatu ni kuitambulisha diski kwa namba yake ya kudumu, wala si kwa sdb au sdc. Amri ya lsblk -f itakuonyesha UUID. Tengeneza folda na uifunge isiandikwe wakati diski haijapachikwa, yaani haijaunganishwa na folda hiyo:

sudo mkdir /srv/hazina
sudo chattr +i /srv/hazina

Amri hiyo ya pili ni ndogo lakini ina thamani kubwa. Bila hiyo, siku diski isipopachikwa, mtu anayenakili video mpya atajaza diski ya ndani ya kompyuta akidhani anaweka kwenye diski ya nje. Sasa ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa kompyuta inapowaka:

UUID=namba-yako /srv/hazina ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=15s 0 2

Neno nofail ni la lazima. Likikosekana, kompyuta inayowashwa bila diski itasubiri, kisha itasimama kwenye hali ya dharura, na kwa kuwa haina kioo kinachotazamwa na mtu, utadhani imekufa.

Mwisho, ifunge Jellyfin kwenye diski hiyo, ili isianze diski isipokuwepo. Andika sudo systemctl edit jellyfin, kisha uweke:

[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/hazina

Pachika diski kwa sudo mount /srv/hazina, nakili rekodi, na uzipe ruhusa ya kusomwa kwa sudo chmod -R a+rX /srv/hazina. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi: zima kompyuta, chomoa diski, uiwashe. Inapaswa kuwaka vizuri huku Jellyfin ikikataa kuanza. Ikianza, mstari wa RequiresMountsFor haujashika. Usiendelee mpaka urekebishe.

Hatua ya 4: Anwani

Ndani ya ruta, itengee seva anwani moja isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.50. Usitegemee simu iliyowashwa hotspot, kwa sababu anwani hubadilika na mwenye simu akitoka mtandao unaondoka naye. Ruta ya zamani isiyo na intaneti inatosha kwa kazi hii.

Hatua ya 5: Runinga

Fungua http://192.168.1.50:8096 kwenye kivinjari, tengeneza akaunti, na uongeze /srv/hazina kama maktaba. Kwenye runinga weka programu ya Jellyfin, au tumia kivinjari chake.

Video ikikwama, angalia kwanza kama seva inaigeuza kuwa muundo mwingine wakati inachezwa: dashibodi ya Jellyfin huonyesha hilo, na kompyuta ya zamani haiwezi kazi hiyo. Rekodi za H.264 (namna ya kubana video) ndani ya faili la MP4 huchezwa na runinga nyingi jinsi zilivyo. Kama haigeuzwi na bado inakwama, chunguza kuta. Nyumba za matofali ya kuchoma hudhoofisha sana mawimbi ya 5 GHz; kati ya vyumba viwili tumia 2.4 GHz, au pitisha kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye seva, ambayo mimi huipendelea kuliko njia nyingine yoyote.