Gari la zamani linatetemeka kwenye sailensa: ijue silinda kwanza, plagi baadaye

Tunazungumzia injini za petroli za silinda 4 zenye distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), kama 4A-FE na 5A-FE za Corolla za miaka ya 1990, ambazo bado zinapiga kazi Arusha na Moshi. Gari linawaka, linavuta vizuri, ila likiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), ukisimama kwenye foleni ya Mnara wa Saa usukani unatetemeka mkononi. Wengi hukimbilia kununua plagi nne. Usinunue kitu bado. Kwanza jua kama inayomisi (isiyochoma petroli sawasawa) ni silinda moja, ni zote, au injini ni nzima na tatizo ni maunti, yaani raba zinazoshikilia injini.

Washa injini mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe, kisha zima AC na taa. Sindano ya RPM inatakiwa ikae kati ya 700 na 800. Asubuhi za Juni na Julai Arusha itapanda juu zaidi injini ikiwa baridi. Huo si ugonjwa.

Sindano ikitulia kabisa huku bodi inatetemeka, tena ukitoa gia D kwenda N tetemeko likapungua, shuku maunti. Vuta handibreki, weka mawe kwenye tairi, mtu akanyage breki na kubadili D na R huku wewe ukitazama kwa ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini ikiruka na kugonga, maunti imekufa.

Sindano ikichezacheza, chukua karatasi ya daftari uishike sentimita 5 hivi kutoka mdomo wa bomba la moshi. Injini nzima huisukuma karatasi kwa mpigo usiokatika. Ikilegea kwa zamu ileile kila mara, silinda moja imelala. Ikivutwa kurudi kwenye bomba, huenda valvu ya eksozi haifungi. Kapime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) mapema kabla hujamaliza hela kwenye vipuri.

Kuitambua silinda yenyewe, chomoa soketi ya nozeli (inayopuliza petroli) moja, sikiliza sekunde mbili tatu, rudisha, nenda inayofuata. Silinda nzima ukiikata, injini inashuka na kutetemeka zaidi. Ambayo haileti tofauti yoyote ndiyo mgonjwa wako. Mafundi wengi huchomoa waya wa plagi badala ya nozeli, nasi hatushauri hivyo: umeme unatafuta njia nyingine ya kutokea na kuumiza koili, na petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi. Bonyeza klipu ya soketi taratibu, maana plastiki ya umri huo hukatika kama biskuti.

Sasa zima injini. Chomoa waya wa silinda hiyo kwa kushika kichwa chake cha mpira, usivute waya. Kwenye injini hizi plagi zimekaa ndani ya shimo refu, na sili za tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) zikizeeka oili inajaa humo. Mulika tochi. Mpira ukitoka umelowa, umevimba na unateleza vidoleni, na kwenye kauri ya plagi kuna mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa penseli, hapo ndipo umeme ulipokuwa ukikimbilia pembeni. Plagi mpya pekee itadumu wiki chache tu: badilisha sili na gasketi ya tapeti kava. Nyonya oili yote kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda.

Shimo likiwa kavu, pima waya kwa mita. Ukizidi kiloomu 25 umekwisha. Kisha hamishia plagi silinda ya jirani. Misi ikihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Isipohama, weka bisibisi ndefu kwenye nozeli, sikio kwenye mpini: isiyogonga tik-tik kama wenzake ina shida ya umeme au imekwama. Tia alama kwenye waya kabla ya kuzichomoa zote, maana mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Plagi feki zimejaa madukani, hivyo pima pengo la kila moja kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo). Nne zenye mapengo manne tofauti zirudishe.

Kama silinda zote zinayumba, anza na hewa. Vumbi la barabara za huku huziba eakilina (chujio la hewa), na masizi huganda kwenye throtli (mlango wa hewa wa injini) na valvu ya sailensa iliyo chini yake. Isafishe kwa dawa ya throtli na kitambaa, injini ikiwa imezimwa. Angalia pia maji ya rejeta, kwani yanapita kwenye valvu hiyo. Yakipungua sailensa inapanda na kushuka. Mpira wa vakyumu uliopasuka kwenye injini yenye sensa ya presha ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa) mara nyingi hupandisha RPM tu. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, ufa huohuo huitetemesha injini.

Ukipima vakyumu kwa geji, kumbuka mwinuko. Usawa wa bahari injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, na hupungua inchi moja hivi kila mita 300. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, 13 hadi 16 ni afya njema. Fundi aliyezoea Dar anaweza kukuambia injini imechoka, kumbe haijachoka.

Yote yakiwa sawa, pima kompresheni: plagi zote nje, nozeli na koili zimekatwa umeme, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Mwinuko hushusha namba za silinda zote, kwa hiyo tazama tofauti: isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 14. Iliyo chini itie kijiko kimoja cha oili upime tena. Ikipanda ni ringi za pistoni. Isipopanda ni valvu, au gasketi ya silindahedi.