Kudhibiti Kisukari Aina ya Pili kwa Mlo na Mazoezi: Anza kwa Kupima Sahani Yako Mwenyewe

Mwongozo huu ni kwa mtu mzima ambaye tayari amethibitishwa na daktari kuwa ana kisukari aina ya pili, ambaye chakula chake cha kila siku ni ugali, wali, ndizi na chai kama wengi wetu, na ambaye alirudi nyumbani na agizo fupi la kupunguza wanga na kufanya mazoezi bila kuelezwa apunguze kiasi gani wala aanzie wapi. Mimi ni mtaalamu wa lishe katika kliniki ya kisukari, na mara kwa mara nakutana na wagonjwa wenye bidii kubwa wanaojinyima vyakula visivyo na kosa huku wakiendelea kunywa vile vinavyowapandisha sukari. Orodha za vyakula vya ruhusa na marufuku zinazosambazwa kwenye simu haziwezi kumsaidia mtu huyu, kwa kuwa hazijui anakula kiasi gani. Damu yake mwenyewe inajua, na ndiyo itakayotuongoza.

Hatua ya kwanza: Zijue dawa zako kabla ya kugusa chakula

Muulize daktari au mfamasia kama dawa unazotumia zinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo, lakini insulini, glibenklamaidi na gliklazaidi zinaweza, hasa pale mtu anapopunguza chakula ghafla au anapoanza mazoezi huku dozi ikibaki ile ile. Sukari ya damu iliyo chini ya 3.9 mmol/L (kipimo cha namba zote za sukari ya damu humu) imeshuka mno, na dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15, na urudie ikiwa bado iko chini. Ikipanda, kula chakula kidogo. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, bali apelekwe hospitali mara moja. Usiache dawa wala kupunguza dozi kwa uamuzi wako, hata kama namba zimekuwa nzuri.

Hatua ya pili: Pima mlo mmoja, kabla na baada

Vijiti vya kupimia sukari ni ghali, na wagonjwa wengi huvimaliza kwa kupima asubuhi tu kabla ya kula. Kipimo hicho kina kazi yake, lakini hakikuambii chakula cha mchana kilikufanya nini. Chagua mlo mmoja unaoula mara nyingi, tuseme ugali na maharage, kisha upime mara tu kabla ya kuanza kula na tena saa mbili baadaye, ukihesabu tangu tonge la kwanza. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri, kwa sababu mabaki ya embe au chungwa kwenye kidole yanatosha kukupa namba kubwa ya uongo. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni kidogo kuliko katikati.

Andika namba zote mbili, chakula ulichokula na kiasi chake. Kwa watu wazima wengi lengo ni kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye, ingawa daktari anaweza kukupangia malengo tofauti kutokana na umri au magonjwa mengine. Mimi huangalia zaidi tofauti kati ya namba hizo mbili. Mgonjwa akitoka 7 akafika 13, najua wanga wa sahani ile ulikuwa mwingi kuliko mwili wake unavyoweza kuubeba. Siku nyingine kula mlo ule ule ukiwa umebadilisha jambo moja tu, kama vile kupunguza ugali kwa nusu na kuongeza mboga, kisha upime tena. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua ni lipi lililokusaidia.

Hatua ya tatu: Ondoa sukari ya kunywa

Hapa ndipo penye faida ya haraka kuliko pengine pote. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ameingiza takriban gramu 48 za sukari kabla hajagusa chakula. Punguza kijiko kimoja kila wiki hadi ufikie sifuri, ukitumia tangawizi, iliki au mdalasini ili chai isipoteze ladha. Asali na sukari guru haziponyi jambo hili, kwa kuwa nazo ni sukari. Juisi ya matunda, hata iliyokamuliwa nyumbani bila kuongezwa chochote, hufika kwenye damu haraka kuliko tunda lenyewe, kwani nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chujio; kula kipande cha tunda baada ya mlo, usilinywe.

Uji wa lishe unahitaji kutajwa peke yake, kwa sababu wagonjwa wengi huunywa kama dawa. Nafaka zilizosagwa laini zikachemshwa hadi kulainika kabisa humeng'enywa upesi sana, na karanga au soya iliyochanganywa humo haitoshi kuzuia sukari kupanda. Unamfaa mtoto anayekua. Kwa mwenye kisukari, bakuli kubwa la asubuhi mara nyingi ndilo linaloharibu siku nzima. Badala yake jaribu mayai yaliyopikwa na nyanya na vitunguu pamoja na kipande kidogo cha kiazi kitamu cha kuchemsha, kisha pima na ulinganishe.

Hatua ya nne: Pakua kwenye sahani yako

Anayekula kwenye sinia la pamoja hawezi kujua amekula kiasi gani, kwa hiyo omba upakuliwe peke yako, na uieleze familia sababu ili isionekane kama unajitenga. Tumia sahani yenye upana wa sentimita 23 hivi. Nusu yake ijae mboga zisizo na wanga mwingi: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, nyanya chungu, kabichi au sukuma wiki. Robo iwe samaki, dagaa, kuku, mayai au maharage. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi, muhogo au chapati, moja kati ya hivyo na si viwili. Kwa ugali, anza na donge la ukubwa wa ngumi yako. Viazi mviringo vihesabiwe kwenye robo hii, hata vikipikwa ndani ya mchuzi. Maharage nayo yana wanga, ila huingia polepole, na kwa hiyo yakiandamana na wali, wali upungue.

Watu wengi huniambia wamehamia dona, na nafurahi, kwa sababu dona lina nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe. Lakini donge lile lile kubwa la dona bado ni wanga mwingi, na kipima sukari kitalithibitisha hilo. Jaribu pia kuanza na mboga na samaki, kisha umalizie na ugali, maana mpangilio huo hupunguza kasi ya sukari kupanda. Mafuta na tui la nazi vitumike kwa kiasi, kwani huongeza uzito hata kama havipandishi sukari papo hapo.

Hatua ya tano: Tembea baada ya kula

Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi, yaani sukari, kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni ya mwili inayoshusha sukari, inapofanya kazi kwa udhaifu, na ndiyo maana dakika 10 hadi 15 za kutembea mara baada ya mlo huonekana kwenye kipimo cha saa mbili. Tembea kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Lengo ni angalau dakika 150 kwa wiki, na usipitishe siku mbili mfululizo bila zoezi, kwa sababu faida yake kwa insulini huisha baada ya siku moja hadi tatu. Mara mbili au tatu kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu: inuka na kukaa kwenye kiti mara 10, sukuma ukuta, nyanyua chupa za maji.

Vaa viatu vilivyofunikwa pamoja na soksi, kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, na kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu mguu uliopungua hisia hauumi hata ukitoboka. Unayetumia insulini, glibenklamaidi au gliklazaidi, ikiwa sukari iko chini ya 5, kula kitu kidogo kabla ya kuanza. Ikiwa imezidi 16 na unajisikia mgonjwa, usifanye zoezi, tafuta matibabu. Ukibanwa kifua, simama hapo hapo na uende hospitali. Mwenye tatizo la macho litokanalo na kisukari amwone daktari kabla ya kunyanyua vitu vizito.

Hatua ya sita: Peleka daftari lako kliniki

Baada ya miezi mitatu omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa kipindi hicho. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Pima pia uzito. Utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza, ambao matokeo yake ya mwaka wa kwanza yalitolewa mwaka 2017, uliwahusu watu waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka 6, wasiotumia insulini. Karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walirudi kwenye viwango visivyo vya kisukari bila dawa, na waliopunguza kilo 15 au zaidi ndio waliofanikiwa kwa wingi. Walifanya hivyo chini ya usimamizi wa kitabibu, na dawa zao za kisukari zilisimamishwa tangu mwanzo wa mpango. Kwa hiyo, uzito unapopungua na namba za daftari zinaposhuka, mwonyeshe daktari kurasa zenyewe na umwombe aziangalie upya dozi zako siku hiyo hiyo.