Kumfundisha mtoto wa miaka 4 kuhesabu vitu

Mtoto anayetaja moja hadi kumi bila kukosea huenda amekariri tu, kama wimbo. Panga vizibo 5 kwa mstari, kisha asogeze kimoja kimoja upande wa pili, kila kizibo na namba yake. Kosa la kawaida ni mdomo kuutangulia mkono: kizibo kimoja kinapata namba mbili. Usimkaripie; mshike mkono, msogeze vizibo pamoja polepole.

Akimaliza, muulize, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Rudini kwenye vizibo 3.

Dakika 10 zinatosha. Daftari lingoje. Na kama kuna mdogo wake anayetambaa, hesabuni mezani: vizibo huishia mdomoni, vikamkaba.