Namna ya Kujifunza Uongozi wa Kijeshi Kutokana na Kampeni ya 1916

Afisa kijana aliyeko Bukavu hahitaji kuanzia mbali, kwa maana kampeni ya mwaka 1916 dhidi ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambamo Force Publique, yaani jeshi la Kongo ya Kibelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur iliivuka mipaka ya mashariki na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba, ilianzia karibu na kwake.

Chagua pigano moja tu. Tandaza ramani, weka alama za milima, mito na njia, kisha uandike kile ambacho kamanda alikijua wakati ule, wala si kile tunachokijua sisi leo. Kosa la wasomaji wengi ni kumhukumu mtu kwa habari ambazo hazikuwa zimemfikia. Ukifika kwenye uamuzi, funika ukurasa, andika amri yako mwenyewe kwa sentensi tano, halafu ulinganishe.

Kaa zaidi kwenye chakula na mizigo, ingawa ndiyo sehemu inayorukwa upesi. Katika kampeni ile, wapagazi walibeba risasi na vyakula vichwani, na wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu, huku majina ya maafisa peke yake yakibaki vitabuni. Jiulize ni nani aliyewajibika kwao, kwa sababu weledi wa askari huonekana pia katika namna anavyomtendea mpagazi, mfungwa na mwanakijiji.

Hatimaye wasilisha kazi yako mbele ya wenzako, ikiwezekana juu ya kilima kinachoutazama mto Ruzizi, na mwenye cheo cha chini aseme kwanza.